Biti kutoka kwenye chukudu: kisahani cha piezo, chipu ya 40106 na Pure Data

Chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukuma isiyo na pedali, ikiwa imebeba magunia mawili ya viazi na kuteremka juu ya mawe ya volkano ya Goma, ni ngoma tosha: ekseli inalia, ubao unagonga, mpira wa gurudumu unakwaruza. Ukiisogezea simu utanasa upepo na honi za pikipiki tu, kwa sababu sehemu kubwa ya mtikisiko hubaki ndani ya mbao. Kwa hiyo tunaanza na kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, na ambacho karibu hakisikii hewa kabisa. Kinasikia kitu kilichokishika.

Tafuta kisahani cha mm 27 kwa mafundi wa redio, au kitoe kwenye king'ora kibovu au mdoli unaolia. Ongeza transista J201, rezista za mega-omu 1 na kilo-omu 4.7, kapasita ya mikrofaradi 10, waya wenye ngao usiozidi mita 2, betri ya volti 9 na kadi ndogo ya sauti ya USB. Kadi hiyo usiiache. Tundu moja la laptopu nyingi linataka jaki ya pete nne, na ukichomeka ya pete tatu kompyuta haitambui kwamba kuna maikrofoni.

Hatua ya 1: maikrofoni

Lehemu waya wa ndani katikati, kwenye sehemu nyeupe, na ngao kwenye shaba ya pembeni. Ncha ya kulehemia isikae kwenye sehemu nyeupe zaidi ya sekunde 2, kwa maana joto hubandua rangi ya fedha na kisahani kinakufa. Kizungushie solotepu pande zote.

Wengi huishia hapo, wanachomeka moja kwa moja, halafu wanalalamika kwamba sauti ni nyembamba kama bati. Sababu yake inahesabika. Kisahani cha ukubwa huu ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Kikiingia kwenye tundu lenye ukinzani wa kilo-omu 10, kila kilicho chini ya Hz 800 hivi kinaanza kupotea, yaani besi yote ya chukudu. Ukinzani ukiwa mega-omu 1, mpaka huo unashuka hadi Hz 8. Kazi ya J201 ni hiyo tu: kuonyesha piezo ukinzani mkubwa. Miguu yake mitatu ni geti, dreni na sosi. Geti ipokee waya wa ndani wa piezo, ngao iende hasi ya betri, na rezista ya mega-omu 1 itoke kwenye geti kwenda hasi. Dreni iende volti 9. Sosi ipitie kilo-omu 4.7 kwenda hasi, na kutoka kwenye sosi hiyohiyo sauti ipite kapasita ya mikrofaradi 10 kuelekea kadi. Upande chanya wa kapasita utazame kadi, kwa kuwa tundu la maikrofoni lenyewe hutoa volti kadhaa. Mpangilio wa miguu ya transista usiubahatishe. Usome kwenye karatasi ya kiwanda chake.

Kama una kadi kubwa yenye tundu la gitaa, sakiti hii huihitaji: tundu hilo kwa kawaida lina mega-omu 1 tayari.

Hatua ya 2: kurekodi

Mwombe mwenye chukudu, na umlipe muda wake. Funga kisahani chini ya ubao, karibu na gurudumu la mbele, kwa mkanda wa tyubu ya pikipiki uliokazwa sana. Kikilegea utasikia kisahani chenyewe kikigonga, si mbao. Tumia 48,000 Hz, vilele vibaki kati ya dB -12 na -6, na laptopu iende kwa betri yake: chaja na jenereta huleta mvumo wa Hz 50 ambao ukishaingia hautoki vizuri. Dakika 5 zinatosha, mzigo ukiwepo na mzigo ukiwa umeshushwa.

Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata vipande vifupi vitatu: pigo moja zito, mkwaruzo mmoja, mlio mmoja wa ekseli. Bonyeza Z kabla ya kukata ili mkato uangukie kwenye sifuri, la sivyo kila kipande kitaanza na "tik". Viite mbao.wav, kwaru.wav na ekseli.wav.

Hatua ya 3: osileta

Osileta ni sakiti inayotoa mlio yenyewe, na chipu moja ya CD40106 inaweza kuwa osileta sita. Mguu 14 ni chanya, 7 ni hasi. Osileta ya polepole: kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka mguu 1 kwenda hasi, na potenshiomita ya mega-omu 1 ikifuatana na rezista ya kilo-omu 10 kati ya mguu 1 na 2. Ya haraka: vivyo hivyo kati ya mguu 3 na 4, ila kapasita iwe mikrofaradi 0.1. Diodi 1N4148 itoke mguu 2 kwenda mguu 3, mstari wake ukiwa upande wa 3. Mguu 2 ukipanda, diodi inaubana mguu 3 juu na mlio unakatika. Ukishuka, mlio unarudi. Umepata mapigo bila kompyuta.

Miguu 5, 9, 11 na 13 iunganishwe na hasi, maana pembejeo iliyoachwa hewani hufanya chipu iweweseke. Sauti itoke mguu 4 kupitia kilo-omu 100, halafu kilo-omu 1 kwenda hasi. Chukua sauti kati ya rezista hizo mbili kwa kapasita ya mikrofaradi 1. Volti 9 zinakuwa kama volti 0.09, na kadi inapona. Ukiuziwa 74HC14, miguu inalingana, lakini mwisho wake ni volti 6: kwa betri hii itaungua.

Hatua ya 4: Pure Data

Ni programu ya bure ya kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku, nyepesi, na laptopu ya zamani inaiweza. Hifadhi faili yako kwanza, kwenye folda yenye vipande, la sivyo haitaviona. Tengeneza kisanduku "table mbao", kisha ujumbe "read -resize mbao.wav mbao" uingie "soundfiler". Fanya hivyo kwa vyote vitatu. Weka programu kwenye 48,000 Hz. Kipande cha 48,000 kikichezwa kwenye 44,100 kinashuka karibu nusutoni moja na nusu.

Kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika, hatua moja (robo ya pigo) ni milisekunde 156.25. Unganisha "metro 156.25" na "f", toka "f" kwenda "+ 1", rudisha kwenye mlango wa kulia wa "f". Toka "f" hiyohiyo nenda "mod 16" na "mod 11", zinazohesabu hatua 16 na 11 kisha kuanza upya kwenye sifuri. Chini ya ya kwanza weka "sel 0 6 10" kwa mbao. Chini ya ya pili "sel 0 3 7" kwa kwaru. Ekseli nayo ipe "sel" yake, kwenye hatua uitakayo. Kila tundu la "sel", isipokuwa la mwisho, liende kwenye "tabplay~" yenye jina la kipande chake (mfano "tabplay~ mbao"), kisha "*~ 0.3", kisha "dac~".

Hapa ndipo biti inapopata uhai. Mizunguko ya 16 na 11 haikutani tena hadi hatua ya 176, yaani sekunde 27.5, na kabla ya hapo mkwaruzo hauangukii pale sikio linapoungojea. Jaribu 13 badala ya 11. Usitumie 8: inatii mno.

Mkia wa mbao ukikatika, ni kwa sababu "tabplay~" moja haiwezi kucheza mara mbili kwa pamoja. Weka mbili na uzipokezane.

Osileta iingie kwa "adc~", izidishwe na "line~" inayopokea "1, 0 120" kila ekseli inapolia. Saa yake haifuati ya kompyuta. Iache hivyo.

Kurekodi, tumia "writesf~ 2": ujumbe "open biti.wav", kisha "start", kisha "stop". Umeme ukikatika kabla ya "stop", faili hubaki bila urefu sahihi na programu nyingi hukataa kuifungua. Usiifute: iingize kwenye Audacity kama data ghafi, biti 16, stereo, 48,000, na utakuta muziki wako, ukiwa na mlio mfupi wa takataka mwanzoni wa kukata.