Azimio la Kesho: Kuliandika, Kulishika na Kulipima Jioni

Jumapili mhubiri anasema, "Amua leo!" Watu wanasimama, wanainua mikono, na kufika Jumatano hakuna anayekumbuka aliamua nini hasa. Si unafiki. Lililoamuliwa halikuwa na saa, mahali wala kipimo, na jambo la namna hiyo haliwezi kukujia akilini ukiwa kwenye foleni ya matatu saa moja usiku, mvua inanyesha na nauli imepanda ghafla. Tunaloeleza hapa ni azimio dogo, la siku moja, linaloandikwa usiku na kupimwa usiku unaofuata.

Neno lenyewe, azimio, kwa Wakenya wanaosikia siasa za muungano wa Azimio la Umoja kila likitajwa, ni kongwe kuliko muungano wowote wa vyama. Danieli aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Angalia jinsi azimio lile lilivyokuwa la mezani kabisa: kipi kitaingia mdomoni na kipi hakitaingia. Tena aliomba yeye na wenzake wajaribiwe kwa siku kumi tu, kisha watazamwe nyuso zao. Siku kumi ni muda mzuri wa kulijaribu azimio lolote, na ndio tutakaoutumia.

Kwanza, usiweke nadhiri

Hili huwaangusha watu wenye bidii kuliko wavivu. Mtu anatoka kwenye kesha la Ijumaa akiwa amewaka moto, anamwahidi Mungu kuamka saa tisa usiku kila siku mpaka mwaka uishe, na wiki ya pili anaanza kumkimbia Mungu kwa aibu, kama anavyomkimbia anayemdai. Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka kisha usiitimize. Nadhiri ni deni. Azimio ni nia. Kwa hiyo usiandike "naapa", wala "Mungu aniadhibu nikishindwa". Anza na "Kesho, Bwana akipenda, nita…", jinsi Yakobo anavyofundisha kusema juu ya kesho. Ukifikiri umeitwa kuweka nadhiri kweli, zungumza kwanza na padre au mchungaji wako, na usiiweke usiku wa manane peke yako.

Sentensi yenyewe

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiifungua uandike azimio utakutana na jumbe 43 za kundi la ukoo. Usiku, kabla ya kupanda kitandani, andika sentensi moja yenye mambo manne: lini, wapi, nini, kiasi gani.

"Nitaomba zaidi" haina hata moja kati ya hayo. Iandike hivi: "Kesho sufuria ya chai ikiwa jikoni, kabla sijawasha data, nitaomba dakika saba nikiwa nimesimama dirishani." Chai utapika tu, kwa hiyo azimio limefungwa kwenye jambo ambalo halisahauliki, maji yakichemka ndiyo saa yako. Kusimama kuna sababu pia: anayeondoka Kayole au Rongai kwenda mjini Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri kukwepa foleni, akipiga magoti ubavuni mwa kitanda atasinzia hapo hapo. Na data ikishawashwa, dakika saba zimekwisha kuibiwa.

Maazimio ya kuacha jambo ni magumu kidogo. "Sitasengenya" linamwacha mtu mikono mitupu pale ofisini saa nne, vikombe mezani, na jina la asiyekuwepo limeshatajwa. Kila "sita-" iambatane na "nita-": "Wakianza kumjadili asiyekuwepo, nitauliza jambo la kazi, wakiendelea, nitaenda kujaza chupa yangu maji." Maneno utakayosema yawe tayari tangu jana yake, maana saa ile hutapata nafasi ya kuyatunga.

Tuchukue hasira, kwa kuwa Nairobi inaichokoza kila siku. Umempa kondakta noti ya 200, nauli ni 80, na sasa anatazama nje kama hakujui. Azimio la "nitakuwa mpole" linavunjika mnapofika Pangani. Hili halivunjiki kirahisi: "Nitamdai chenji yangu mara mbili, kwa sauti ya kawaida, nikimwita ndugu. Asiponipa, nitadai mara ya tatu nikishuka, na sitamtukana." Ona kwamba halikuambii uache haki yako. Upole unaomlazimu mtu kupoteza shilingi 120 kila asubuhi hautamaliza siku kumi, na si upole ambao Maandiko yanaudai.

Kosa jingine ni kuazimia jambo ambalo nusu yake iko mikononi mwa mtu mwingine. "Kesho nitapatana na dada yangu" si lako peke yako. Lako ni kumpigia simu saa mbili usiku na kusema, "Nilikosea kuhusu ile pesa, nisamehe." Akikata simu, azimio umelitimiza.

Andika moja tu. Jonathan Edwards, mhubiri wa makoloni ya Uingereza kule Amerika, alifikisha maazimio 70 kati ya 1722 na 1723, kabla hajatimiza miaka 20. Lakini hakuyaandika yote kwa mkupuo, na alijiwekea sharti la kuyasoma yote mara moja kwa wiki. Wanaoiga wingi ule huwa hawaliigi sharti.

Kiasi cha Neno

Hapa hesabu inasaidia kuliko hamasa. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 52, ni 260 kamili: unalimaliza kwa mwaka na wikendi unabaki nayo ya kufidia au kupumzika. Biblia nzima, ile ya vitabu 66, ina sura 1,189, yaani tatu kwa siku na tano Jumapili. Inawezekana, lakini si kwa anayeanza. Mithali ina sura 31, hivyo tarehe yenyewe inakuonyesha usome ipi. Zaburi ya 119 usiimeze kwa siku moja. Ina mistari 176 iliyogawanywa vifungu 22 vya mistari minane, na kifungu kimoja kwa siku kinatosha. Ukianza Injili ya Luka, jua kwamba sura ya kwanza pekee ina mistari 80. Wengi huona wameshindwa siku ya kwanza kumbe ni sura tu iliyo ndefu.

Kusoma ndani ya matatu ni mpango unaosikika vizuri usiku na kukwama asubuhi. Muziki unatikisa viti, na simu huchomolewa dirishani kabla hujamaliza mstari. Safari inafaa zaidi kwa kukariri. Andika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, uurudie kimoyomoyo mara moja kila kituo: Githurai, Roysambu, Allsopps, Pangani. Ukifika mjini umeurudia vya kutosha, na foleni ikiwa mbaya, umeurudia zaidi.

Chumba cha ndani, ukiwa huna

Yesu anasema ukisali uingie chumba chako cha ndani na ufunge mlango. Sasa watu watano mko kwenye chumba kimoja, pazia ndilo ukuta, na jirani ana redio. Jambo linalotakiwa ni siri, si vyumba vingi. Wengine husali wakiwa wanafua au wakisubiri ndoo ijae bombani; wengine hukaa kwenye ngazi za ploti kabla watu hawajaamka. Anayefanya kazi mjini anaweza kupita Holy Family Basilica au All Saints Cathedral saa ya chakula cha mchana na kukaa kimya kwenye benchi dakika kumi. Jeevanjee Gardens, bustani ya katikati ya mji, saa hiyo ni pa kusikiliza mahubiri, maana wahubiri hupokezana pale na sauti ni nyingi. Ukitaka utulivu hutaupata.

Siri hiyo inahusu pia simu. Azimio lililowekwa kwenye status ya WhatsApp limeshapokea ujira wake asubuhi, na jioni hakuna kinachokusukuma kulitimiza.

Kupima

Asiyepima anaota. Njia iliyojaribiwa kwa muda mrefu ni ya Ignatius wa Loyola (1491–1556), padre Mhispania mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, na haihitaji uwe Mkatoliki kuitumia. Alifundisha kushughulikia kosa moja kwa wakati, kwa nyakati tatu: ukiamka unajikumbusha unachojilinda nacho, baada ya chakula cha mchana unajikagua, baada ya chakula cha jioni unajikagua tena. Kila siku ina mistari miwili, wa juu kwa nusu ya kwanza ya siku na wa chini kwa nusu ya pili, na kila ulipoanguka unatia nukta. Kisha unalinganisha: mstari wa chini na wa juu, leo na jana, wiki hii na iliyopita.

Alikuwa na jambo jingine dogo ambalo linafaa mji huu sana. Pale pale unapoanguka, weka mkono kifuani ukijutia, kisha uendelee. Hata katikati ya abiria hakuna atakayejua ulikuwa unatubu.

Ukaguzi wa jioni uwe wa dakika tano hadi kumi, ukiwa umekaa kwenye kiti au ndoo iliyofunikwa, si kitandani. Anza kwa kushukuru kwa jambo moja ulilolipata leo, ulitaje kwa jina: stima ilirudi kabla nyama haijaharibika, mtoto ameacha kukohoa. Kisha pitia siku saa baada ya saa ukitafuta azimio lako lilikutana na nini. Tia nukta. Omba msamaha kwa sentensi moja. Andika la kesho, ambalo kwa siku kumi litakuwa lile lile. Funga daftari. Ukaguzi ukizidi robo saa unageuka kujichokonoa, na wenye dhamiri nyepesi kuumia wapunguze zaidi, hata dakika tatu.

Siku ya kumi, hesabu. Ukiwa umelishika siku saba au zaidi, endelea nalo kwa kumi nyingine, kisha uliache lijitembeze lenyewe uchukue jingine. Ukiwa umelishika mara tatu au chini, likate nusu: dakika saba ziwe tatu, sura iwe aya. Katikati ya hapo, tafuta siku zilizoanguka zinafanana wapi. Mara nyingi utakuta ni Jumamosi baada ya kesha, au siku ulizorudi nyumbani baada ya saa tatu usiku, na dawa ni kubadili saa, si kuongeza maombi ya kujilaumu.

Ukiruka siku, usilipe malimbikizo. Aliyekosa sura tatu akiamua kusoma nne kesho atakosa zote, na keshokutwa atakuwa na deni la tano. Soma ya leo. Zile zilizopita zitakukuta mwaka ujao.

Pesa na tumbo

Daftari lako la kiroho la pili ni taarifa ya M-Pesa. Jumapili jioni ipitie ya wiki nzima: ni kiasi gani kilikwenda kwenye kubeti, kwenye bando, kwa mzazi, kwa sadaka. Azimio la pesa liwe la tarakimu. Mwenye kibanda huchanganyikiwa kuhusu fungu la kumi kwa sababu anahesabu mauzo. Ukiuza 1,800 na bidhaa zilikugharimu 1,300, ulichopata ni 500, na kumi lake ni 50. Itenge jioni ile ile kwenye mfuko au kopo tofauti. Ikilala na mtaji, itaamka ikiwa nyanya.

Kufunga kuanzie mlo mmoja: acha chakula cha mchana Jumatano, kunywa maji, na ile shilingi mia ya chapati madondo (chapati kwa maharagwe) mpe mtu siku hiyo hiyo. Fungua jioni kwa uji kabla ya kitu kizito. Mjamzito, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na anayemeza dawa zinazotaka chakula wasifunge chakula; wafunge simu kuanzia saa kumi na mbili jioni, na wengi watakiri kwamba hiyo ndiyo ngumu.

Mtu wa pili

Tafuta mmoja wa jinsia yako, kwenye jumuiya au fellowship, asiye bosi wako wala mdeni wako. Mpigiane Jumapili, dakika tano, swali moja: "Nukta ngapi?" Asikuhubirie. Akianza kuhubiri kila wiki utaanza kumdanganya, na hilo ni kosa la mpango.

Kwenye daftari usiandike majina ya watu. Tumia herufi moja ambayo wewe pekee unaijua, maana nyumba ni ndogo na watoto wanasoma kila kitu. Likijaa, nakili azimio lililokusaidia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kisha lile la zamani ulichane vipande au ulichome. Usilitie zima kwenye taka za ploti, kwa sababu karatasi hapa hufungia njugu.