Kuchagua prosesa ya bei nafuu yenye grafiki ndani yake kwa ajili ya gemu

Anayenunua kompyuta akiwa Lamu hana nafasi ya kukosea kama aliyonayo mwenzake wa Mombasa. Mzigo hupakiwa kwenye basi, ukapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ukashushwa kwenye boti, kisha hamali au punda akaupitisha vichochoroni hadi nyumbani. Na ukifunguliwa ukaonekana si wenyewe, safari hiyo yote hurudiwa kinyumenyume kwa gharama ya mnunuzi. Kwa hiyo uchaguzi sharti ukamilike kabla ya pesa kutumwa.

Prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye grafiki ndani yake, yaani sehemu inayochora picha za skrini, humwezesha mtu kucheza bila kununua kadi ya grafiki, ambayo aghalabu ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika kompyuta ya gemu. Kwa wanaocheza mpira, GTA V, Valorant au Counter-Strike 2, na ambao wako tayari kushusha ubora wa picha, prosesa ya namna hii inatosha. Kwa anayetaka gemu kubwa zilizotoka karibuni zikiwa na kila pambo, haitoshi, na ni afadhali aambiwe mapema.

Jambo la kwanza ni kusoma jina la prosesa hadi herufi ya mwisho. Mwaka niliotaka kujiundia kompyuta yangu niliagiza Ryzen 5 5600G, prosesa ya kampuni ya AMD, kutoka duka moja la Mombasa, ambalo sitalitaja. Kilichofika ni Ryzen 5 5600, bila G, na muuzaji akashikilia kwamba tofauti ni ya jina tu. Nilipoiwasha, feni zilizunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi ikidai kwamba haipokei chochote. Prosesa haikuwa mbovu hata kidogo. Haina grafiki ndani yake. Katika prosesa za Ryzen zinazoingia kwenye soketi ya AM4 (soketi ni tundu la prosesa kwenye bodi kuu ya kompyuta), G ndiyo dalili ya grafiki: 3200G, 3400G, 5600G na 5700G zinazo, na 5600GT pia, lakini 5600, 5600X na 5500 hazina. Hiyo 5500 ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu imetengenezwa kwa kipande kilekile cha 5600G, ila sehemu ya grafiki imezimwa kiwandani. Kwa kampuni ya Intel kanuni ni kinyume, yaani grafiki huwamo isipokuwa jina likiishia na F, kama i3-12100F au i5-10400F.

Kuwa na grafiki, hata hivyo, si kuwa na grafiki za kuchezea. Prosesa nyingi za Ryzen za mfululizo wa 7000 zinatoa picha, lakini zina vitengo 2 tu vya grafiki, vilivyowekwa kwa ajili ya kuonyesha skrini, ilhali 5600G ina 7. Grafiki za UHD 630 na UHD 730 za Intel zinafaa kwa gemu nyepesi na za zamani, na hapo ndipo zinapokomea. Idadi ya vitengo nayo isikuhadae peke yake: 3200G ina 8, moja zaidi ya 5600G, lakini vyake huenda kwa megahezi 1250 na vya mwenzake kwa 1900.

Sasa nije kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo wanunuzi wengi huiacha mwisho na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoamua kama pesa za prosesa zimekwenda pazuri. Kadi ya grafiki huwa na kumbukumbu yake yenyewe. Grafiki zilizo ndani ya prosesa hazina, hivyo huazima RAM ya kompyuta na kugombea njia moja na prosesa. RAM moja ya DDR4, aina inayoingia kwenye bodi za AM4, yenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, nayo ni kama kile kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani, mmoja sharti asimame mwenzake apite. Ukiweka RAM mbili za aina hiyo, njia zinakuwa mbili na kipimo kinafika 51.2. Kadi ya GTX 1050, ambayo ilikuwa kadi ya bei ndogo, hupitisha gigabaiti 112 kwa sekunde peke yake, kwa hiyo hata tukifanya yote ipasavyo bado tuko nyuma. Tukiweka RAM moja, tumejipunguzia nusu ya kile kidogo tulicho nacho.

Nilishuhudia hilo kwa kijana mmoja wa mtaa wa Langoni aliyeniletea kompyuta yenye 5600G na RAM moja ya gigabaiti 16. Kila alipokata kona kwa kasi ndani ya GTA V, picha iliganda kidogo, ikaruka mbele, na gari likawa limeshagonga ukuta. Niliichomoa RAM ile, nikachukua mbili za gigabaiti 8, nikazikandamiza kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka upande wa prosesa hadi vishikizo vikalia tik, na sikugusa kingine chochote. Kona ileile aliipita mara tatu mfululizo bila kuganda, kisha akaniuliza nimebadilisha prosesa saa ngapi.

Nunua basi mbili za gigabaiti 8 zenye kasi moja, usinunue moja ya 16 kwa kuahidiwa kwamba utaongeza baadaye. Jumla isishuke chini ya 16, maana grafiki zinaweza kutengewa gigabaiti 2 kutoka humohumo, na mwenye 8 atabaki na 6 za kugawana Windows na gemu. Baada ya kuunda, ingia kwenye BIOS (programu ya bodi yenye mipangilio ya kuwashia kompyuta) na uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, ambao baadhi ya bodi huuita DOCP, la sivyo RAM uliyoinunua kwa kasi ya 3200 huenda ikatembea kwa 2133 au 2400.

Kwa mfuko mdogo chaguo langu ni 5600G: viini 6 vya kufanyia kazi, wati 65, na feni yake ndani ya boksi. Ile 5700G ina viini 8, lakini kwenye gemu nyongeza yake ni ndogo kwa kuwa zote mbili zinaisubiri RAM ileile. Iwapo bajeti haifiki, 3200G iliyotumika bado ni ya kuaminika. Usiichanganye na 2200G ya mwaka 2018, ambayo haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye pesa zaidi atazame 8600G, iliyotoka mwanzoni mwa 2024 na ambayo grafiki zake zimeziacha mbali hizi zote, akijua kwamba inadai bodi yenye soketi mpya zaidi ya AM5 na RAM za DDR5. Ukinunua bodi ya AM4 iliyotumika, muulize muuzaji kama BIOS yake imesasishwa kupokea mfululizo wa 5000, kwa sababu bodi ya zamani isiyosasishwa haitawaka kabisa.

Zile kompyuta za maofisini za mtumba zenye prosesa ya Intel ya i5-4570 zinavutia kwa bei. Katika majina ya tarakimu nne kama hilo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi, kwa hiyo hiyo ni ya kizazi cha nne, yenye grafiki za HD 4600 na RAM za DDR3. Gemu ya mpira ya PES 2017 itacheza. GTA V itajikokota.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu haihitaji maneno mengi. Kasha liwe na matundu ya kupitisha hewa, liwekwe mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa kusi, na feni isafishwe vumbi mara kwa mara. Prosesa za AM4 zina pini 1331 upande wa chini, hivyo omba ifungwe ndani ya plastiki yake ngumu, au isafirishwe ikiwa tayari imepachikwa kwenye bodi.

Mzigo ukifika, chomeka kebo ya HDMI kwenye bodi, weka draiva (programu ya kuendeshea grafiki), kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na ufungue ukurasa wa utendaji (Performance) upande wa kumbukumbu (Memory). Hapo utaona kasi ya RAM na idadi ya matundu yaliyojazwa. Ikisomeka 3200 na matundu mawili, mlipe hamali wako. Ikisomeka tundu moja, mpigie muuzaji simu kabla boti haijarudi Mokowe.