Prosesa inachemka kwenye keisi ndogo? Punguza wati kabla hujanunua feni nyingine

Wakuu, hii nawaandikia wale mliojiundia kompyuta kwenye vikeisi vidogo, vile vya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya mini-ITX ya sentimita 17 kwa 17, halafu ukirenda (kuitoa baada ya kuihariri) video ya dakika tano tu feni inalia mpaka jirani anauliza kuna nini. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600G ya AMD, juu yake nimefunga hitisinki, kile chuma cha kutoa joto, Noctua NH-L9a ya AM4 (soketi ya prosesa hii) ambayo kimo chake na feni yake ni milimita 37 tu, haina kadi ya gemu, na inaishi chumbani kwangu Temeke, AC hakuna, mwezi wa pili saa nane mchana chumba kinasoma digrii 32.

Hiyo 32 ndo mwanzo wa kila kitu. Hitisinki haitengenezi baridi, kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, basi. Kwahiyo ukisoma mtu wa Ujerumani anasema prosesa yake haivuki 75, jua chumba chake kina 21, yaani prosesa imezidi chumba kwa 54. Hesabu hiyohiyo kwako Dar ni 86, na hakuna kitu kimeharibika. Acheni kushindana na namba za watu wa baridi, angalieni prosesa imezidi chumba kwa digrii ngapi.

Hatua ya 1, pima. Weka HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, tafuta mstari ulioandikwa Tctl/Tdie, hilo ndo joto, na ule wa CPU Package Power, hizo ndo wati. Wa Linux weka lm-sensors uandike sensors. Kipimajoto cha kawaida kiweke karibu na pale keisi inapovuta hewa. Kisha piga Cinebench R23, programu inayoitumikisha prosesa kwa nguvu zote na kutoa alama za kasi, ile ya dakika 10, sio raundi moja, maana chuma kinachukua muda kushiba joto na dakika mbili za mwanzo zitakudanganya. Andika namba tatu: chumba, prosesa, wati. Kwangu zilikuwa 31, 95, na wati zilikuwa zinacheza karibu na 88. Hiyo 95 ndo dari ya 5600G, ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwahiyo usipaniki, ila ujue unalipia kasi ambayo huipati.

Hatua ya 2, toa ubavu wa keisi, rudia kipimo. Hiki kipimo ni cha bure na kinakwambia ukweli wote. Joto likishuka digrii tano au zaidi, shida yako ni hewa, nenda hatua ya 3. Lisiposhuka, shida iko kwenye pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki), kwenye ufungaji au kwenye wati, na hapo hata ukinunua feni tatu hela imeenda. Ila usiiache wazi moja kwa moja na feni ya kusimama inaipulizia kama wengi wanavyofanya, vumbi letu litaimaliza ndani ya miezi michache.

Hatua ya 3, zuia feni isivute moto wake yenyewe. Hapa ndo wengi wanakwama na ndo pananipa raha kuliko kote. Feni ya NH-L9a inavuta hewa kutoka upande wa ubavu na kuisukuma chini kwenye mazabodi. Keisi yangu ina nafasi ya milimita 48, hitisinki 37, kwahiyo kati ya feni na matundu ya ubavu palibaki milimita 11 tupu. Ile hewa ya moto ikishapiga mazabodi inapanda pembeni, inaingia kwenye huo mwanya, feni inaivuta tena, inazunguka humohumo. Ukitaka kuiona kwa macho washa njiti ya udi, isogeze kwenye matundu: kwangu katikati moshi uliingia vizuri, ila pembeni kidogo ulikuwa unasukumwa nje halafu unapinda unarudi ndani. Nilikaa naangalia ule moshi dakika nzima.

Dawa yake ni sponji. Chukua kipande cha ile mikeka ya watoto ya kuunganisha kama fumbo, yenye unene wa sentimita moja na ushee, chora juu yake fremu ya feni, katikati chora duara kwa mdomo wa glasi pana, kata kwa wembe mpya ili kingo zisichanike. Pete yako ikae juu ya fremu, isiguse mapanga, na ukifunga ubavu iminywe kidogo tu. Zungusha feni kwa kidole kabla hujawasha, ikikwaruza punguza. Noctua wenyewe wanauza kitu cha kazi hii, NA-FD1, ukikipata sawa, ila mkeka nao unafanya kazi. Kwangu peke yake ilishusha digrii 6.

Hatua ya 4, wati, na kama unataka kufanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu fanya hiki. 5600G imeandikwa 65W kwenye boksi ila kiwandani imeruhusiwa kuvuta mpaka 88, na zile wati za mwisho zinaleta joto jingi na kasi kiduchu. AMD wenyewe wameiruhusu ishushwe mpaka 45W. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapowaka), tafuta Eco Mode au cTDP, ndo sehemu za kupunguza wati, chagua 45, au kama mazabodi yako inakuruhusu kuandika PPT, yaani kikomo cha wati, andika 60. Mimi baada ya hapo joto lilisimama 75 chumba kikiwa 31 kilekile, na alama za Cinebench zikatoka kama 10,700 zikawa kama 9,900. Kurenda kunachelewa kidogo, lakini kelele imeisha na naweza kulala mashine ikiwa inafanya kazi. Kama BIOS yako haina hivyo vitu kabisa, zima Core Performance Boost, itabaki kwenye 3.9 GHz, ni njia ya kikatili zaidi lakini inasaidia.

Hatua ya 5, pesti, ikiwa hatua ya 2 ilikuonyesha huko. Hapa naomba sana mnisikilize wenye AM4: usiing'oe hitisinki mashine ikiwa ya baridi. Pesti iliyokauka inashika kama gundi na prosesa inatoka na hitisinki huku soketi imefungwa. Mimi ilinitokea, nikapinda pini nne kati ya zile 1331, nikazinyoosha kwa ncha ya wembe usiku kucha roho ikiwa mkononi. Piga Cinebench dakika kumi kwanza, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, halafu zungusha hitisinki taratibu kulia kushoto mpaka iteleze, ndo unyanyue. Safisha kwa spiriti, ila spiriti nyingine zina mafuta, weka tone kwenye kioo uache likauke, likiacha utando usitumie. Pesti mpya ukubwa wa njegere moja katikati, kisha kaza skrubu kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo.

Hatua ya 6, mkunjo wa feni kwenye BIOS. Ryzen joto lake linaruka, ukifungua ukurasa mmoja tu linapanda digrii 15 na kushuka, na feni inalifuata ikipanda na kushuka. Iache kwenye asilimia 40 mpaka digrii 65, kisha ipande taratibu ifike 100 kwenye 85, na kama kuna sehemu ya kuchelewesha kupanda weka sekunde kadhaa.

Vumbi, kila miezi miwili, brashi laini na bloa, ila shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo ukipuliza. Na vile vipimo vya hatua ya 1 virudie mchana wa Februari, sio Julai, maana Julai kila keisi inaonekana nzuri.