Mwanza mpaka Mbulu kwa basi ukiwa na gunia la dagaa

Mi ni mama wa dagaa. Nachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, napeleka Mbulu, narudi na vitunguu saumu. Wadogo zangu wengi wananitumia meseji wanauliza njia ikoje, unashukia wapi, unalala wapi, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa msome wote. Kuna vitu viwili tu vya kukuumiza kichwa siku hiyo, mzigo wako na saa utakayopita Singida.

Hatua ya 1: Funga mzigo siku moja kabla

Dagaa ananuka, tukubaliane. Sisi wa ziwani pua zimeshazoea ila konda ananusa akiwa mita kumi, na begi la mtu wa Arusha likipata harufu kwenye buti ugomvi wote ni wako. Kwahiyo nunua aliyekauka kabisa. Mchukue mmoja mkunje, akikatika kama njiti ya kiberiti huyo yuko poa, akipinda pinda bado ana maji, mrudishe juani hata kama muuzaji anakuapia kwa mama yake. Tia kwenye nailoni ngumu, kaza mdomo, ndo uingize kwenye kiroba, halafu shona kwa sindano ya magunia, usifunge kamba tu maana kamba inafunguka na dagaa anaanza kuvujia njiani kidogo kidogo, unafika kiroba kimelegea kama shavu la mzee. Andika jina lako na neno BABATI kwa maka peni pande zote mbili, maana ndo unaposhukia kubadili gari la Mbulu.

Kibali cha kusafirisha chukua kwa afisa uvuvi palepale mwaloni, pamoja na risiti ya ushuru. Hivyo vikae kwenye mkoba wako na siyo ndani ya kiroba, nimeshaona dada mmoja anafumua gunia barabarani anatafuta karatasi, askari amesimama anamwangalia tu.

Hatua ya 2: Tiketi

Gari za huku zinatokea stendi ya Nyegezi. Mwambie bodaboda vizuri, maana Nyamhongolo ni ya wanaoenda Musoma na Tarime, ukishushwa kule alfajiri umeliwa. Kata tiketi jana yake ofisini, gari ya Arusha, na uliza kabisa "inapita Singida?" kwa sababu zipo zinazokatiza Serengeti na Ngorongoro, huko unalipa na kiingilio cha hifadhi na Babati huioni. Sema unashukia Babati ujue nauli yako ni ya wapi, kuna wengine watataka ulipe ya mpaka Arusha, bishana kwa adabu ukiwa na viwango vya nauli vya LATRA, wale wasimamizi wa mabasi, kwenye simu.

Siti sasa. Kushoto jua linakupiga asubuhi mkishuka kuelekea Shinyanga na linakurudia tena jioni baada ya Singida. Kulia, upande wa dereva, ndo kivuli. Ila mlima Hanang uko kushoto, kama ndo mara yako ya kwanza kaa kushoto na khanga ya kuziba dirisha. Mi siku hizi nakaa kulia nalala.

Hatua ya 3: Nyegezi alfajiri

Tangu Oktoba 2023 waliporuhusu mabasi kutembea usiku ratiba zimefunguka, mi nachagua ya saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi kamili niko stendi. Wapiga debe watakuvamia, "mwangaluka mayu, Dar hiyo, Dar!", wewe itikia salamu na usiachie kiroba. Hela ya kupakia mzigo mmalizane kabla haujaingia kwenye buti, ukishaingia bei inapanda.

Alafu hii ndo ya muhimu: unashuka kabla ya wenzako wa Arusha, kwahiyo mzigo wako usizikwe ndani kabisa. Mwombe konda, "kaka yangu, mi wa Babati, niweke mlangoni," na usimame hapo mpaka uone buti limefungwa. Piga picha kiroba kikiwa ndani na namba ya gari ionekane.

Hatua ya 4: Njiani mpaka Singida

Usagara, Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga. Hapa sina mengi, ni tambarare, pamba na ng'ombe, mizani ya Usagara, mizani ya Tinde, unalala unaamka bado tambarare. Gari likisimama kuchimba dawa shuka hata kama hujabanwa maana hujui litasimama tena lini, na vaa khanga juu ya suruali, vichaka vyenyewe vifupi. Chakula mi nabeba michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, na karanga, natafuna taratibu, haviharibiki wala havikimbizi mtu chooni. Baada ya Shelui mnaanza kupanda Sekenke, hapo gari linaguna na malori yanapishana kwa shida, ukiwa unatapika kaa na mfuko mkononi usisubiri kuomba.

Singida mnapewa muda wa kula, mara nyingi dakika ishirini ambazo konda anazihesabu kuanzia yeye aliposhuka. Kuku wa kienyeji wa Singida anasifiwa na anastahili, ila anataka meno na muda, wewe agiza supu.

Hatua ya 5: Angalia saa ukiwa Singida

Gari likiondoka Singida kabla ya saa nane mchana, utafika Mbulu leoleo. Likiondoka saa tisa kwenda mbele, sahau, unalala Babati, na upige simu kwa mteja wako Mbulu muda huohuo akuelewe. Usijidanganye kwamba dereva atakimbiza, spidi yao ni 80 na wanafuatiliwa kwenye mtambo.

Hatua ya 6: Katesh, Dareda, Babati

Singida mpaka Katesh ni kilomita 65, na Katesh mpaka Dareda 74 hivi. Katesh ndo pale kwenye maporomoko ya tope ya Desemba 2023, chini ya Hanang, mlima wa mita elfu tatu na mia nne na kitu, juu wingu limekaa kama kilemba.

Sasa Dareda. Ukiangalia ramani utaona njia ya Mbulu inachepukia hapo hapo, na utajiona mjanja, kwa nini niende Babati halafu nirudi? Mi nilijiona mjanja. Nikashuka Dareda saa moja usiku, mvua, viroba viwili, na kila gari linalotoka Babati linapita limejaa mpaka mlangoni. Nilikaa kwenye kibaraza cha duka paka wanne wamenizunguka wananiangalia mimi na dagaa wangu, mpaka mama mmoja mwenye duka akanionea huruma akanifungulia stoo. Gari zinajazia Babati. Nenda Babati, pata siti, pakia mzigo, ndo mrudi wote Dareda mpande.

Kupanda kwenyewe ni ule ukuta wa Bonde la Ufa. Vaa sweta ukiwa bado Babati, usingoje, kwa sababu ukifika Dongobesh mikono imeshaganda na begi liko chini ya miguu ya watu. Juni na Julai ongeza soksi na kofia, sicheki. Sisi wa Mwanza tunaona saa kumi na mbili asubuhi pale Kirumba ndo baridi, basi subiri Mbulu.

Hatua ya 7: Ukifika

Gesti karibu na stendi, kiroba ulale nacho ndani ila siyo chini ya kitanda, panya. Asubuhi usiende sokoni mbio, wateja wanatoka baada ya chai. Fungua kiroba mbele yao, wape wakunje mmoja wenyewe. Ukimaliza kuuza, saumu chagua iliyokauka shingo, ibonyeze pale juu, ikiwa laini itaota njiani kabla hujaiona Nzega.

Tiketi ya kurudi kata Babati siku hiyohiyo unayofika, gari za kutoka Arusha zinapita hapo zimeshajaa.