Unga wa dagaa kwa ubongo wa mtoto: tengeneza mwenyewe nyumbani

Swali naloulizwa sana kliniki ni "nimpe mtoto sirapu gani ya kuongeza akili?", na wengine wanakuja wameshanunua chupa ya bei mbaya kabisa. Jamani, kabla hujatoa hela hiyo pitia kwanza kwa muuza dagaa. Ubongo unakua kwa kasi kuanzia mimba mpaka mtoto atimize miaka 2, na unajengwa kwa mafuta fulani yanaitwa DHA, madini chuma, zinki, madini joto na vitamini B12, sasa dagaa mdogo huyo tunayemdharau anavyo vyote hivyo. Mtoto anaanza kula akitimiza miezi 6, wakati huo chuma alichozaliwa nacho kinakuwa kimepungua na maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena.

Hatua ya 1: Kuchagua. Chukua dagaa kauzu aliyeanikwa kwenye chanja, si mchangani. Asiwe amekaangwa wala kutiwa chumvi. Awe anang'aa rangi ya fedha, ukimnusa unapata harufu ya samaki tu. Akiwa wa njano njano na anawasha pua ujue mafuta yameshaharibika, na mafuta ndo tunayoyafuata, muache hapohapo hata kama umepunguziwa bei.

Hatua ya 2: Kuchambua na kuosha. Toa vichwa na matumbo, huko ndo kuna uchungu na mchanga mwingi. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, tumbukiza dagaa, wasugue taratibu kisha WATOE KWA MKONO uwaweke chombo kingine. Usimwage maji dagaa wakiwa ndani maana mchanga ulioshuka chini utawarudia. Badilisha maji rudia tena mpaka ukipapasa chini ya beseni husikii chembe. Usiwaloweke masaa, vitamini zinaondoka na maji.

Hatua ya 3: Kukausha na kukaanga bila mafuta. Waanike juani kwenye ungo, funika na chandarua nzi wasitue. Wakikauka weka kikaango moto mdogo, geuza geuza mpaka ukimvunja mmoja anakatika kwa mlio. Wakiungua unga unakuwa mchungu na mtoto atautema.

Hatua ya 4: Subiri wapoe kabisa, wakisagwa na joto unga unashika unyevu na kuota ukungu. Twanga au tia kwenye blenda, chekecha kwa chujio la chai, mabaki yanayokwaruza rudisha usage tena. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mbali na jiko na mwanga. Tengeneza kidogo, wa wiki moja hivi.

Hatua ya 5: Kumlisha. Uji uwe mzito, ukiinua kijiko usimwagike kama maji. Ukikaribia kuiva tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa dagaa kwenye kikombe cha uji, acha uchemke kidogo. Siku za mwanzo anza na nusu kijiko, usimpe chakula kingine kipya, angalia kama anatoka vipele, anavimba au anatapika, ukiona hivyo acha umpeleke kituo cha afya. Baada ya uji mpe juisi ya chungwa au papai lililopondwa, vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi USIMPE, inazuia chuma.

Naomba pia msichanganye karanga, soya, mahindi na dagaa vyote kwenye ndoo moja ya unga wa mwezi mzima. Karanga na mahindi yasipokaushwa vizuri yanaota sumukuvu, na mnakumbuka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya hiyo sumu. Kila kitu kisagwe na kikae peke yake, unachanganya siku ya kupika.

Mtoto chini ya mwaka usimtilie chumvi, madini joto atayapata kwenye maziwa yako, kwa hiyo wewe mama ndo utumie chumvi iliyowekwa madini joto na uitie mboga ikikaribia kuiva. Kula na mayai. Na kama unapanga mimba nyingine, anza vidonge vya foliki asidi (aina ya vitamini B) mikrogramu 400 kila siku KABLA hujashika, maana mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe na wengi wakati huo hata hawajajua kama ni wajawazito.