Jinsi ya Kuwafundisha Wakatekumeni Watu Wazima Historia ya Nasadiki

Darasa langu la wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, hukutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, huku Eastlands. Utamkuta kondakta wa matatu, mama anayeuza mitumba Gikomba, mwanafunzi wa chuo, na karibu kila mwaka mtu anayetaka kufunga ndoa na Mkatoliki. Wengi wao tayari wanaijua Nasadiki, yaani sala ya kuungama imani, kwa kuisikia. Wanachokosa ni sababu: kwa nini sentensi hizi na si nyingine, nani alizidai, na kwa nini babu zao walihudhuria Misa iliyosomwa kwa lugha wasiyoielewa. Somo hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa hiyo naeleza ninavyolipanga ili katekista mwenzangu achukue linalomfaa.

Usianze na kitabu. Anza na maji. Karne za kwanza mkatekumeni hakusimama akakariri maandishi marefu; aliulizwa. Alishuka majini, akaulizwa kama anamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, akajibu nasadiki, akazamishwa. Akaulizwa juu ya Yesu Kristo, akajibu, akazamishwa. Mara ya tatu akaulizwa juu ya Roho Mtakatifu. Msimamishe mmoja wao mbele na umuulize maswali hayo matatu polepole, kisha uwaambie kwamba ndiyo watakayoulizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka. Hapo darasa huamka.

Kutokana na maswali hayo Kanisa la Roma lilipata ungamo fupi la imani, na kutokana na hilo tukapata Imani ya Mitume. Mtu atakuambia alisikia kwamba kila mtume alitoa sentensi yake moja. Simulizi hiyo ni ya zamani. Rufino wa Akwileya, mwandishi Mkristo, aliieleza mwanzoni mwa karne ya 5. Waeleze wazi kwamba ni simulizi tu. Maandishi kamili kama tunavyoyasali leo yanaonekana katika karne ya 8. Jina la Mitume limebaki kwa sababu mafundisho yaliyomo ni yao.

Kisha wape Augustino. Akiwa askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo, aliwaambia wakatekumeni wake wasiiandike Nasadiki popote, waishike kichwani na moyoni. Ni yeye pia aliyetuachia habari za Victorinus, Mwafrika aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa ufasaha mjini Roma. Huyu alisoma vitabu vya Wakristo kimyakimya kwa muda mrefu akiogopa rafiki zake wakubwa. Alipoamua kubatizwa, mapadre walimpa nafasi ya kuungama imani faraghani, kama walivyowafanyia watu wenye haya. Akakataa. Alipanda mahali pa juu mbele ya waamini wote, na watu walipomtambua wakaanza kunong'onezana jina lake kwa furaha: Victorinus, Victorinus! Isimulie habari hii bila haraka. Katika kila darasa kuna mtu anayeogopa watu wa kwao watasema nini, na huyo hutamjua mpaka umemwona anavyosikiliza.

Wiki inayofuata lete karatasi kubwa za manila na kalamu za rangi tatu. Hii ndiyo kazi yenyewe, wala usiipunguzie muda. Iandike ile Nasadiki ndefu ya Dominika. Kwa rangi nyeusi andika yaliyotoka Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325, kwa buluu yale yasiyokuwemo Nisea ila yamo katika Nasadiki tunayoipokea kutoka Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, na kwa nyekundu maneno mawili tu: «na Mwana». Swali la kuwauliza katika kila mstari ni moja: hapa anajibiwa nani?

Mistari myeusi inamjibu Ario. Alikuwa padre wa Aleksandria, Misri, akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Kwamba palikuwa na wakati hakuwepo. Mafundisho yake aliyatia katika mashairi, na inasemekana alitunga hata nyimbo za mabaharia na wasafiri. Kondakta wangu wa mwaka jana alilielewa jambo hili kabla sijamaliza: ukitaka neno lifike mtaani, litie kwenye wimbo. Kaisari Konstantino akawaita maaskofu Nisea, mji unaoitwa sasa İznik, Uturuki, nao wakajibu kwa ukali: «aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba». Wakati wa kuisoma, mwambie kila mmoja aseme maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Mama wa mitumba alituambia hivi: kama aliyekufa msalabani ni kiumbe tu, basi Mungu mwenyewe hakuja, alituma mtu. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo, na tangu siku hiyo nayatumia.

Waonyeshe mahali rangi nyeusi inapokatika. Nisea walifika «na kwa Roho Mtakatifu» wakaishia hapo, kisha wakaandika laana dhidi ya wanaomfuata Ario. Ugomvi haukuisha. Atanasi, askofu wa Aleksandria, alifukuzwa katika jimbo lake mara tano kwa kuitetea Nisea. Baadaye wakatokea waliokiri Mwana lakini wakamshusha Roho, ndiyo maana buluu inasema «Bwana mleta uzima» na «anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana». Hata «utawala wake hautakuwa na mwisho» ina mtu wake: Askofu Marselo wa Ankira alidhaniwa kufundisha kwamba ufalme wa Mwana utafika kikomo. Watashangaa kuona kwamba Bikira Maria na Ponsio Pilato nao wako katika buluu. Wahakikishie kwamba majina hayo yalikuwa tayari katika ungamo la Roma, wasije wakafikiri yalibuniwa mwaka 381. Jina la Pilato linatuambia jambo hili lilitokea katika mwaka fulani, chini ya liwali fulani.

Kwenye nyekundu, nenda kwa upole. Nairobi tunaishi na Waorthodoksi. Seminari yao iko Riruta, na waamini wao ni ndugu na majirani zetu. Nilikuwa na kijana ambaye mama yake ni Mworthodoksi wa huko, akaniuliza kwa nini mamake anasema Roho «atokaye kwa Baba» na kunyamaza. Mjibu mtu kama huyo kwa historia. Maandishi ya 381 yalisema «kwa Baba» tu. Nchi za Magharibi, kuanzia Hispania, ziliongeza «na Mwana» zikipigana bado na mafundisho ya Ario. Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki, alipotaka jambo hilo likubaliwe kila mahali, Papa Leo wa Tatu aliyakubali mafundisho lakini akakataa kuigusa Nasadiki, akaiandikisha kwenye mabamba ya fedha bila maneno hayo. Roma yenyewe ilianza kuiimba Nasadiki katika Misa mwaka 1014, Henri wa Pili alipotawazwa kuwa kaisari, na hapo maneno yale yalikuwamo. Katika zama zetu Papa Yohane Paulo wa Pili aliisali Roma pamoja na Patriaki wa Konstantinopoli, askofu mkuu wa Waorthodoksi, kwa Kigiriki, bila «na Mwana». Nilimwambia yule kijana kwamba mamake anasali maandishi ya kale, na kwamba asimsahihishe mezani.

Mwaka 1014 una somo jingine ambalo watu hulipita. Maana yake ni kwamba kwa miaka elfu moja Misa ya Roma haikuwa na Nasadiki ndani yake. Ilikuwa mali ya ubatizo. Antiokia walianza kuiweka katika Misa karne ya 5, Hispania mwaka 589, Roma ikafuata mwisho kabisa. Anayedhani kila kitu katika Misa kimekuwa vilevile tangu Karamu ya Mwisho, mpe tarehe hizo.

Suala la lugha liachie siku yake. Wakristo wa Roma wa mwanzo walisali kwa Kigiriki, kwa kuwa ndicho kilichosemwa na wengi wao. Afrika Kaskazini, Karthago na kandokando yake, walikuwa na Ukristo wa Kilatini mapema kuliko Roma, na ibada ya Roma ilihamia Kilatini katika karne ya 4 kwa sababu hiyohiyo: watu hawakuelewa tena Kigiriki. Baadaye watu wakahama tena, Kilatini kikabaki. Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, haukuona vema Misa isomwe kwa lugha za watu kila mahali, ila uliwaagiza mapadre waieleze Misa mara kwa mara. Misale (kitabu cha sala za Misa) iliyofuata ni ya 1570, na ndiyo, ikiwa na marekebisho, waliyoileta wamisionari wetu.

Hapa usihutubu. Tafuta mzee wa jumuiya aliyetumikia altareni kabla ya mabadiliko, mpe kiti na chai. Mzee tuliyemwalika sisi alianza bila kuombwa: Introibo ad altare Dei, akajijibu mwenyewe, Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Alituambia padre alikuwa akielekea altare, wao wakisali rozari wakati Misa inaendelea, na mahubiri peke yake ndiyo yaliyokuwa kwa lugha yao. Kijana mmoja akamuuliza kama alikuwa akielewa. Akasema alielewa kwamba Mungu yupo pale, na Misa ilipokuja kwa Kiswahili akaelewa kwamba hata yeye anatakiwa kujibu.

Baada ya mzee ndipo utoe tarehe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, yaani ibada ya Kanisa, kura 2147 dhidi ya 4. Machi 1965 Papa Paulo wa Sita aliadhimisha Misa kwa Kiitaliano katika parokia moja ya Roma. Misale mpya aliitangaza mwaka 1969. Mwaka 1988 Zaire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilikubaliwa taratibu ya Misa yenye sura ya kwao. Mabadiliko hayajakoma: mwishoni mwa 2011 waamini wa Misa ya Kiingereza walipewa tafsiri mpya, wakaanza kujibu kwa kutaja roho ya padre na kusema «nasadiki» badala ya «tunasadiki». Sisi wa Misa ya Kiswahili tulikuwa tukijibu «na awe rohoni mwako» na kusema «nasadiki» siku zote. Wengi wa darasa langu huenda Misa zote mbili, kwa hiyo hili walione kwenye vitabu vyenyewe. Weka misale mbili mezani.

Utaulizwa kama Kilatini ni kitakatifu zaidi. Jibu ni hapana, lakini usikidharau: hati ileile ya 1963 inataka kitunzwe, na inataka waamini waweze kusali na kuimba kwa Kilatini sehemu zinazowahusu.

Mwisho, panga na paroko mapema siku ya kuwakabidhi Nasadiki katika wiki ya tatu ya Kwaresima, na siku ya kuirudisha, yaani kuikariri bila karatasi, asubuhi ya Jumamosi Kuu. Asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Kumbuka Augustino hakutaka karatasi hata kidogo. Mrekodie kwenye simu yake sentensi moja kwa siku, nyeusi kwanza halafu buluu, asikilize akienda kazini, na kila Jumamosi mkutane robo saa kabla ya wengine akukaririe alizokwisha kushika.