Kabla ya Kusakinisha Debian: Amua Mapema Nini Kiingie

Ukibonyeza Enter tu mpaka mwisho, Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, itakuwekea GNOME nzima (eneo-kazi, yaani madirisha, menyu na programu zake), uwe unaitaka au huitaki. Amua kabla, maana kuondoa baadaye kuna kero zake. GNOME huingia kupitia kifurushi mwavuli kiitwacho gnome-core, ambacho kazi yake ni kuvuta vifurushi vingine. Ukifuta programu moja ambayo mwavuli huo unaitegemea, nao unang'oka, na siku ukiendesha apt autoremove (amri ya kuondoa vifurushi visivyotegemewa tena) utakuta inataka kuondoa hata vitu unavyovitumia kila siku.

Basi kwanza jiulize mashine ni ya kazi gani. Seva haihitaji eneo-kazi kabisa. Laptopu ya zamani itapumua vizuri zaidi na Xfce, eneo-kazi jepesi. Pia angalia bando: faili la netinst, la kusakinishia kupitia mtandao, ni dogo, lakini karibu kila kinachozidi mfumo wa msingi hushushwa kutoka intaneti wakati wa kusakinisha.

Uamuzi wenyewe unafanyika kwenye skrini ya kuchagua programu, nayo ina mtego. Kwenye kisakinishi cha maandishi, alama unaiweka au kuitoa kwa kitufe cha nafasi. Enter inakupeleka mbele na chochote kilichokuwa kimewekewa alama. Tena, ukitoa alama ya GNOME ukaiacha ile ya "Debian desktop environment", GNOME itaingia vilevile. Kwa seva, toa zote mbili, ubakize huduma za kawaida za mfumo na SSH (ya kuingilia seva ukiwa mbali).

Kama unategemea wifi na hutaki eneo-kazi, hakikisha una kebo ya mtandao karibu, au njia nyingine ya kupata network-manager, programu ya kuunganisha mashine na wifi. Vinginevyo unaweza kuwasha mashine mpya isiyo na intaneti ya kushushia kitu cha kuirekebisha.

Kuna swali la nenosiri la root (mtumiaji mkuu wa mfumo), ambalo wengi hawalihusishi na vifurushi. Ukiliweka, mtumiaji wa kwanza hapewi ruhusa ya kutumia sudo (programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root), na bila eneo-kazi huenda hata isisakinishwe. Ukiliacha wazi, sudo inaingia na mtumiaji wa kwanza anapewa ruhusa ya kuitumia. Mimi huliacha wazi.

Mfumo ukishawaka, kumbuka kwamba apt, programu ya kusakinisha vifurushi, huongeza pia vifurushi vinavyopendekezwa, si vile vya lazima pekee. Jaribu kwanza apt install -s --no-install-recommends na jina la programu: -s inaigiza tu, haisakinishi kitu. Vilivyoachwa utaviona chini ya "Recommended packages". Ukikuta unachokihitaji kweli, kiongeze kwa jina lake.